Mzee wa Tutani Hakuafiki

Habari ya kifo chake ilinikuta kwenye mashine ya kusaga, nimekalia kiroba changu cha mahindi, nasubiri zamu. Ilikuja kwa simu, kwenye kundi la mashabiki wa timu yetu, imebanwa katikati ya picha ya jezi mpya na kichekesho kuhusu mwamuzi. "Yule mzee wa Tutani, yule asiyeona, ametangulia mbele ya haki leo asubuhi. Maziko baada ya swala ya alasiri, Mshangano." Chini yake watu wakabandika vikatuni vya kulia, kisha mmoja akauliza kama jezi za mikono mirefu zimebaki. Nikaandika maneno makali ya kumjibu, nikayafuta, nikaandika tena, mpaka mwenye mashine akaniita mara mbili kwamba zamu yangu imefika na watu wanangoja. Nilimimina mahindi vibaya, mengine yakaenda chini, na mama mmoja nyuma yangu akauliza kulikoni. Nikamwambia nimefiwa. Akauliza nimefiwa na nani, nikakosa jibu fupi. Hakuwa ndugu yangu, wala hakuwa rafiki wa kutembeleana. Alikuwa mtu aliyenishika bega kila mechi kwa miaka kadhaa.

Wasomaji wangu mmezoea kwamba safu hii haitaji watu majina. Safari hii hata ningetaka kuvunja desturi ningekwama, maana jina lake nililisikia kwa mara ya kwanza likitajwa msibani, nikainamisha kichwa ili jirani yangu asitambue kwamba ndiyo kwanza nalisikia. Sisi tulimwita Mzee, na yeye aliniita Mwandishi, na hilo lilitutosha. Nilichokijua ni kwamba alitoka upande wa Namtumbo, ambako alilima tumbaku na mahindi, na kwamba heshima yake huko ilikuwa kwenye vidole. Tumbaku ikishatoka kwenye bani, kile kibanda cha kuikaushia kwa moto, huchambuliwa jani kwa jani, kila daraja likawekwa peke yake. Yeye ndiye majirani waliyemwita wakati wa kuchambua. Macho yalipoanza kuziba aliendelea kuitwa, akalishika jani, akalipapasa, akasema hili weka huku. Yalipoziba kabisa, binti yake aliyeolewa Mshangano akaenda kumchukua, akamleta mjini kukaa naye.

Sasa niwaeleze Tutani ni wapi, kwa wale ambao hawajawahi kuchafua viatu vyao huko. Sizungumzii ule uwanja mkubwa wa mjini. Nazungumzia kiwanja cha upande wetu, ambako timu yetu ndogo hucheza ligi yake ndogo mbele ya watu wenye mapenzi makubwa kupita kiasi. Upande mmoja kuna jukwaa lenye paa la bati, la mgeni rasmi na wanaofanana na mgeni rasmi. Upande wa pili kulikuwa na tuta refu la udongo mwekundu, na nyuma yake ukuta wa tofali. Hapo ndipo tuliposimama sisi wengine, watu wa mitaa ya jirani pamoja na wale waliokuja na pikipiki kutoka Mpitimbi. Mvua zikianza, na mnajua mvua za Songea zikianza hazina adabu, tuta lile liliteleza kama mlenda. Ndipo ikazaliwa desturi ya Tutani, sijui miaka mingapi iliyopita: unaposimama, unamshika bega aliye mbele yako, na aliye nyuma anakushika wewe. Wa mbele kabisa wanashika mianzi ya uzio wa kiwanja. Hukuombwa ruhusa wala hukuomba. Mgeni akija akasimama mikono mfukoni aliambiwa mara moja, "Shika bega, ndugu, hapa si benki." Ikawa hata kiangazi, tuta likiwa kavu kama sakafu, watu walishikana tu.

Hivyo ndivyo nilivyokutana naye. Mkono mwepesi ulitua begani kwangu, nikageuka nusu, nikamwona mzee wa kofia nyeupe na koti kuukuu, nikasema, "Shikamoo mzee." Akasema, "Marahaba, baba, angalia mpira." Tukaangalia. Alishangilia tuliposhangilia, alisonya tuliposonya, na mara nyingine alisonya kabla yetu. Tulipokosa bao la wazi alisema nyuma ya sikio langu, kwa uchungu wa kweli, "Kapiga kabla ya kutulia." Nami nikaafiki, maana ndivyo ilivyokuwa. Kipindi cha pili kilipoanza, akaniuliza kwa upole, "Hivi kipa wao amevaa rangi gani?" Kipa alikuwa amesimama hatua chache mbele yetu, amevaa njano ya kuumiza macho. Nikageuka mzima mzima. Ndipo nilipoona macho yake yalivyokuwa, na aibu ikanifanya nicheke, nikamuuliza swali la kijinga: sasa mzee, ulijuaje kwamba alipiga kabla ya kutulia?

"Wewe ndiye uliyeniambia," akasema. "Bega lako lilipanda, likakaa juu kidogo, halafu likaanguka kwa hasira. Mtu akipiga vizuri kipa akadaka, bega linashuka polepole. Hili lilianguka." Kisha akanieleza, bila kujisifu, kwamba hatari ikitoka kulia watu wote wa Tutani huegemea kulia kabla mdomo wa yeyote haujasema kitu. Mchezaji akiotea, mabega yanalegea upande wa mashabiki wanaojua mpira na yanabaki magumu kwa wasioujua, kwa hiyo alikuwa ameshajua nani wa kumshika. Nikamuuliza kama bega langu ni la wanaojua. Akacheka. "La kwako ni jani la katikati, Mwandishi. Halijaungua, lakini halijaiva." Mechi zote za msimu ule na misimu iliyofuata alisimama nyuma yangu, na sijui kama aliendelea kunichagua kwa sababu nilikuwa nimeanza kuiva au kwa sababu alinihurumia.

Kisha likatokea lile lililoleta yote. Mechi moja ya mvua, dakika za mwisho, tulipata penalti, na watu wa nyuma wakasukuma ili waone. Tuta likakatika. Tuliteremka wote kwa pamoja, matope, viatu, miavuli, mtu juu ya mtu, na chini kabisa akawepo mama muuza karanga ambaye sote tunamfahamu, mkono wake umevunjika. Mzee alikuwa mgongoni kwangu, hakuumia. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na mtu mwenye hasira na safu ya gazeti ni mtu wa kuogopwa. Niliandika humu humu kwamba mashabiki si mifugo, kwamba wakati umefika watu wakae kwenye viti kama watu, na kwamba wazee wetu wanastahili heshima ya kukalia kitu. Mlinipongeza sana. Nimezitunza baadhi ya barua zenu, na siku hizi sipendi kuzisoma.

Kamati ya uwanja ikaitisha kikao cha kukusanya maoni ya mashabiki, kwenye darasa la shule ya msingi iliyo jirani. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani, tukijadili raha ya kukaa. Mimi, kwa sababu ndiye mwenye kalamu, nikapewa kazi ya kuandika muhtasari. Na maoni yalikuwepo, msije mkadhani watu wa kwetu hawana maoni. Mwalimu mstaafu alisema kukaa ni ustaarabu, kusimama ni fujo. Nesi mmoja kijana akasimama akasema, "Mimi nataka kiti. Tangu nianze kuja hapa mpira wenyewe sijauona, naona migongo ya wanaume tu, na mikono mingine inayoshika bega haiishii begani." Wanawake wakapiga makofi, wanaume tukatazama chini, na alikuwa na haki. Mwendesha bodaboda mmoja, baba wa watoto watatu mwenye sauti ya kuuza mnada, akapinga: "Jamani, mtu aliyekaa anashangilia kama yuko msibani. Timu itachezaje?" Na mama muuza karanga, mkono umefungwa, ambaye kwa ajili yake hasa kikao kilikuwa kimeitwa, alituacha hoi. "Mimi viti sivitaki," alisema. "Nitapita wapi na beseni? Chimbeni mfereji maji yasishuke tutani, wekeni ngazi, basi. Mimi nilivunjwa na matope, sikuvunjwa na kusimama."

Hapo ndipo Mzee aliponyoosha mkono. Alikuwa ameketi dawati la pembeni, na binti yake. Mwenyekiti akamwona, akatabasamu, akasema kwa ile sauti tunayowawekea wazee na wagonjwa: "Mzee wetu, wewe usipate tabu. Wewe ndiye hasa tunayekutafutia kiti. Ukiwa na la ziada tutakupa nafasi kwenye mengineyo." Watu wakapiga makofi. Mkono ukabaki juu kidogo, kama mtu aliyeshika bega lisilokuwepo, kisha ukashuka. Nanyi mnajua mengineyo ya vikao vyetu. Zikaingia kreti za soda, mvua ikaanza kupiga bati, mwenyekiti akasema kwa kuwa hali ya hewa si rafiki tufunge kwa sala. Mimi nilimwona. Nilikuwa nimeketi mbele, uso kwa uso na darasa zima, kalamu mkononi. Nikaandika: "Wazee waliafiki." Niliandika hivyo kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwa sababu nilikuwa nimeshaandika gazetini kwamba wazee wanataka viti, na mwandishi hapendi ukweli uje kumsahihisha mbele za watu. Tuna methali kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Mzee wa Tutani alikuwepo kabisa, na lake halikuwepo.

Viti vikaja. Mfadhili alivipata mahali vilikong'olewa, vikashushwa kutoka kwenye lori vikiwa vimepauka, na namba zake za zamani bado zimebandikwa. Tuta likachongwa, udongo ukamwagwa nje ya ukuta, zikamwagwa ngazi za zege na viti vikafungwa juu yake kwa mpangilio ambao ni fundi na Mungu tu wanaoujua. Kiti namba mia mbili na kumi na mbili kiko karibu na namba arobaini na saba. Mechi ya kwanza watu walitafuta viti vyao mpaka dakika ya ishirini, na ndugu wawili wa ukoo mmoja nusura wapigane juu ya namba sita, ambazo zilikuwa mbili. Mfereji haukuchimbwa. Paa halikuwekwa. Mchana plastiki inachoma, mvua ikinyesha kila kiti kinakuwa bakuli. Na kwa kuwa ngazi ziliwekwa fupi, ukisimama tu wa nyuma yako haoni kitu, kwa hiyo wakaajiriwa vijana wenye vizibao vya kung'aa ambao kazi yao ni kututazama sisi badala ya mpira. "Kaa chini! Wewe, kaa chini!" Nesi wetu alipata kiti nyuma ya nguzo ya taa. Namwona kila mechi amepinda shingo, na nikikutana naye hucheka kicheko cha mtu asiyefurahi.

Mzee alikuja siku hiyo ya kwanza. Binti yake alimfikisha, akamkalisha, akaenda kwenye biashara yake. Mimi nilikuwa viti vitatu kutoka kwake, ngazi ya juu kabisa, mgongo umeegemea ukuta. Alikaa mikono juu ya magoti, uso umeinuka kidogo, akisikiliza. Timu yetu ikapata kona. Nikamwona ananyoosha mkono mbele, taratibu, akagusa bega la mtu wa ngazi ya chini, ambaye aliruka kama ameguswa na nyoka. "Vipi mzee, unataka nini?" Mzee akasema, "Samahani, baba," akarudisha mkono gotini. Ningeweza kuhama. Vilikuwa viti vitatu tu. Lakini kijana wa kizibao alikuwa amesimama pale, namba yangu ni namba yangu, na kando yangu kulikuwa na mtu anayepumua juu ya simu yake akifuatilia mechi nyingine kabisa. Nilibaki nilipo. Tulifunga mabao mawili siku ile, na wakati wa kutoka akanisikia sauti, akauliza, "Mwandishi, hivi leo kulikuwa na mpira?" Nilicheka. Nilidhani anaikejeli safu yetu ya ulinzi. Nikamshika mkono mpaka getini nikamkabidhi kwa binti yake, na sikumwona tena uwanjani.

Nilisema moyoni, umri umemshika. Ni maneno mazuri haya, yanatuondolea kazi ya kwenda kuuliza. Mshangano si Madaba. Ningetoka kwangu kwa miguu nikafika kabla jasho halijanitoka, na sikwenda hata mara moja. Badala yake niliendelea kuandika. Wasomaji wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba msimu huu huu nimelalamika humu juu ya kero mpya ya kiwanja chetu, watu wa nyuma ya ukuta. Ule udongo wa tuta uliomwagwa nje ulikuwa umelala pale kama kilima, na walioshindwa kiingilio pamoja na waliochoka kuambiwa kaa chini wakaanza kuukanyaga na kusimama juu yake, vichwa vikachungulia juu ya ukuta. Walipiga kelele masikioni mwetu sisi tuliokalia ngazi ya juu. Niliwaita wahuni wa ukutani. Nilishauri kamati iuondoe udongo ule. Naomba muyashike maneno hayo, maana mimi nimeyashika tangu siku ya maziko na hayataki kunitoka mkononi.

Msibani tulikaa kwenye mikeka chini ya turubai, wanaume upande huu. Baada ya kurudi makaburini, yule mwendesha bodaboda mwenye sauti ya mnada akaja akaketi karibu yangu. Sauti ilikuwa imekauka. Akanipa pole. Nikamwambia pole nawe, lakini ninyi vijana mnamjuaje, si aliacha mpira tangu viti vije? Akanitazama kama anayepima kama namtania.

"Nani aliacha?" akasema. "Mzee hakukosa mechi hata moja, labda hizi mbili za mwisho alizolala. Mimi ndiye niliyekuwa namfuata hapa nyumbani na pikipiki. Tulikuwa naye nje, pale kwenye udongo wetu. Si ndilo tuta lenyewe? Walilihamisha tu. Anasimama katikati, ananishika bega, wa nyuma anamshika yeye, mpira unakwenda."

Nikamuuliza pale nje, wapi hasa. Akasema, "Pale pale nyuma yako, kaka. Wewe si unakaa juu kabisa, umeegemea ukuta? Sisi tuko upande wa pili. Kila mechi mzee anauliza, 'Mwandishi yupo?' Namwambia yupo, mzee, namwona kisogo. Anauliza, 'Amekaa?' Namwambia amekaa. Anasema, 'Basi mwacheni akae.'"

Binti wa marehemu alipita na birika la maji ya kunawa, na nilimnyooshea mikono nikiwa sioni vizuri ninachofanya. Nilikuwa nawaza kelele zile zilizonikera msimu mzima, kwamba mojawapo ilikuwa yake. Kulikuwa na tofali moja kati ya mgongo wangu na kifua chake. Nilimpa mtu asiyeona kiti ambacho hakukiomba, nikamnyang'anya kwa mkono mwingine macho yake, halafu nikaandika gazetini aondolewe hata pale alipokwenda kuyatafuta upya. Na yeye alikuwa akiuliza kama nipo. Sijui kama ile "mwacheni akae" ilikuwa dhihaka au huruma. Nimemuuliza mwendesha bodaboda mara mbili alivyoisema, na mara zote mbili ameniambia, "Alisema tu kawaida."

Juma lililofuata nilikwenda kwa kamati ya uwanja na maombi mawili. La kwanza, muhtasari wa kile kikao urekebishwe, mstari mmoja tu. La pili, udongo wa nje usiguswe. Nilipokewa vizuri, nikapewa kiti, bila shaka. Katibu alitoa faili, akapekua, akaniambia kwamba muhtasari ukishathibitishwa haufunguliwi, na kwamba aliyeuthibitisha kwa sahihi yake ni mimi. Kuhusu udongo, akasema kamati imeshakubali kuuondoa, na akaniwekea mezani ushahidi wa maoni ya wananchi. Ilikuwa safu yangu, imekatwa vizuri kwa mkasi, imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nikamwambia nimebadili mawazo. Akasema, kwa heshima zote, hilo nilete kikao kijacho. Kwenye mengineyo.

Nimeambiwa na wenzangu kwamba nahangaikia jambo dogo. Mzee ameshazikwa, viti vipo, na ulimwengu mzima siku hizi unakaa. Huenda. Sisemi turudi kwenye matope, mama wa karanga bado mkono wake haunyooki sawasawa, na nesi bado anastahili kuuona mpira bila mikono ya watu. Ninachosema ni kwamba tulikuwa na darasa zima la watu wanaojua wanachokitaka. Mmoja alitaka mfereji, mwingine alitaka nafasi ya kuona, mwingine alitaka bega, na sisi tukatoka na jibu moja la plastiki kwa wote, kwa sababu jibu tulikuwa nalo kabla hatujaingia. Tunafanya hivi shuleni, tunafanya hivi zahanati, tunafanya hivi kwenye ndoa zetu. Tunamwonea mtu huruma kwa sauti kubwa mpaka sauti yake haisikiki, na tukimaliza tunapiga makofi. Kuuliza si ujinga, tunafundishwa tangu utotoni, lakini hakuna aliyetufundisha kwamba ukishauliza inabidi unyamaze.

Jumapili sikukata tiketi. Nilizunguka nje, nikapanda udongo ule ambao bado haujazolewa, na wale niliowaita wahuni wakanisogezea nafasi bila neno, jambo lililonichoma kuliko matusi. Mbele yangu alikuwa mwendesha bodaboda. Nilisita, mikono mfukoni, mpaka mtu akasema, "Shika bega, ndugu." Nikashika. Kwa dakika chache nilifumba macho, nikajaribu kuusoma mpira kwa kiganja kama yeye, na sikuelewa kitu. Nilisikia tu kwamba bega lile linapanda na kushuka, na kwamba ni la mtu anayelia. Mzee alisema kweli, mimi ni jani la katikati.

Kwa kuwa faili la kamati halifunguliki, na kwa kuwa mengineyo ya kwetu hayafiki, narekebisha hapa, mahali pekee ambapo kalamu bado ni yangu. Muhtasari wa kikao kile ulisema wazee waliafiki. Si kweli. Mzee mmoja alinyoosha mkono, hakupewa nafasi, na mwandishi wa kikao alimwona.